Kiti cha Kushoto

Miaka ile ruhusa ilipotoka kila mwenye uwezo aingize gari lake kutoka nje, wafanyabiashara wa Kyela walileta Datsun na Peugeot kuukuu, kisha wakaanza kubishana gari la nani lina mbio. Ubishi ukazaa mashindano. Kila kiangazi, mpunga ukishavunwa na barabara kukauka, magari yaliondoka uwanja wa mpira, yakaenda Ipinda na kurudi.

Aliyeshinda mara nyingi alikuwa mzee mmoja, dereva wa zamani wa malori ya shirika la umma. Shirika lilipokufa, tajiri mmoja wa mchele akampa Peugeot yake ashindane nayo. Mimi nilikaa kiti cha kushoto. Kazi yangu ilikuwa kumsomea barabara: "Kona kulia. Shimo. Daraja, punguza." Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na leseni yangu mfukoni.

Tukifika wa kwanza, wanawake walimvisha vitenge shingoni. Mimi nilishuka upande wangu nikajipangusa vumbi. Mwaka mmoja mama yangu mzazi alimchinjia jogoo, akaniambia nimnawishe mikono. Nilimnawisha. Mama akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, baba, kwa kumfundisha kazi huyu."

Siri niliyokuwa nayo ni kwamba mzee alikuwa haoni vizuri. Macho yake yalikuwa na ukungu, na kupita hatua thelathini aliendesha kwa sauti yangu. Hilo ndilo lililonikera kuliko vitenge. Ushindi ule ulitoka mdomoni mwangu, nao waliuvisha shingo ya mwingine.

Kiangazi kilichofuata tulikuwa tunarudi kutoka Ipinda, tunaongoza. Mbele kulikuwa na kona kali kushoto, kando yake jaruba la mpunga. Niliiona mapema. Mzee akauliza, "Mbele kukoje?"

Sikujibu. Sijui nilinyamaza kwa muda gani, labda pumzi moja. Nilipofungua mdomo, gari lilikuwa limeshaacha barabara. Lilipinduka mara moja, likalala ubavu katika mabua. Mimi nilichubuka kiwiko. Yeye alivunjika mfupa wa bega.

Watu walipofika, akawaambia, "Kosa langu. Nilikimbiza mno." Hakunitazama.

Mwaka uliofuata tajiri akatengeneza Peugeot, akanipa usukani. Nilishinda mara mbili. Vitenge nilivalishwa, na vilikuwa vizito kuliko nilivyofikiri.

Baada ya ushindi wa pili nilimwendea nyumbani, nikamkuta anaanika kakao. Bega halikurudi sawa, alitumia mkono mmoja. Nikachukua reki, tukatandaza pamoja. Mwishowe nikasema, "Mzee, siku ile niliiona ile kona."

"Najua," akasema. "Hujawahi kukosa kona."

"Mbona hukuwaambia?"

Alitandaza kidogo, kisha akakaa kwenye kigoda. "Macho yangu yalianza kuharibika miaka mitatu kabla ya ajali. Tajiri aliniuliza nani achukue gari nikistaafu. Nikamwambia hakuna dereva mwingine Kyela nzima. Wewe ulikuwa umesimama pale nje, unafuta kioo. Nilikuwa nimekuona unavyoendesha. Nilikuonea kijicho, mwanangu."

Nilishika reki tena. Tulimaliza kutandaza kakao, mkewe akatuletea ndizi na maziwa mgando, tukala. Tangu siku hiyo nilimpitia karibu kila juma, na kuelekea kila mashindano tuliijadili njia pamoja, kona kwa kona.

Ningependa kusema wivu uliniisha hapo. Alipofariki, miaka kadhaa baadaye, watu walijaa hadi barabarani. Nilibeba jeneza upande wa mbele. Nyuma yangu mtu akasema kwamba bingwa kama huyu Kyela haitapata tena. Nilikuwa nalia, na ni kweli nilikuwa nalia kwa uchungu, lakini nilisikia maneno yale yakinichoma pale pale pa zamani.