Kitabu cha Thelathini na Tano cha Zadock Nyauke

Zadock Nyauke alikuwa karani wa mizigo katika gati la Homa Bay, na kufikia mwaka wa 1965 alikuwa ameandika vitabu thelathini na vinne, vyote vya kutisha. Vilikuwa vijitabu vyembamba vya Kiswahili, vilivyochapwa Kisumu kwa karatasi iliyogeuka manjano kabla ya mwaka kuisha. Humo maiti walidai makaburi yao, na fisi waliongea kwa sauti ya shemeji. Hemed, mwenye duka karibu na soko, aliviweka kati ya sabuni na viberiti. Watu kutoka Kosele hadi Migori walivinunua na kusomeana hadi majalada yakatoka.

Zadock mwenyewe alikuwa mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliandika alfajiri, nyuma ya fomu kuukuu za mizigo, kisha akaenda kazini. Mke wake, Phelesia, ndiye aliyesomewa kwanza. Akisahau mboga alizokuwa akichambua, Zadock alijua ukurasa umefaulu.

Mwaka huo wilaya ilipanga kufungua maktaba, na kamati ikaitwa ichague vitabu. Zadock alipeleka vyake vyote ndani ya kikapu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Momanyi, aliyefundisha fasihi katika chuo cha ualimu. Alitazama vitabu vikipangwa mezani mpaka meza ikajaa.

"Thelathini na vinne kwa miaka kumi na miwili," alisema. "Bwana Nyauke, hiyo si sanaa. Hicho ni kiwanda."

"Watu wanavisoma, Mwalimu."

"Hata mandazi watu wanakula. Nchi imepata uhuru juzi tu. Inataka mwandishi wa kuiambia sisi ni nani, na wewe unaiambia kuna maiti chini ya kitanda."

Wajumbe walicheka. Zadock akavirudisha vitabu kikapuni, kimoja kimoja. Kicheko hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba njiani alijaribu kukumbuka kitabu cha kumi na tisa kilihusu nini, akashindwa.

Akaachana na maiti. Kwa miaka miwili aliandika riwaya moja tu, juu ya chifu, mashamba na uhuru. Kila mtu ndani yake alihutubia. Zadock alichoka kuliko alivyowahi kuchoka. Aliamka alfajiri ileile, akatazama karatasi, akaona afadhali angekuwa anabeba magunia. Phelesia alisikiliza sura baada ya sura, na mikono yake haikuacha mboga hata mara moja. Hemed alimwuliza mara mbili lini ataleta kipya, kisha akanyamaza. Mahali pa vitabu akapanga mishumaa.

Mwaka wa 1967 Zadock alimpelekea Momanyi mswada nyumbani. Baada ya mwezi akaitwa.

"Nitakuambia ukweli, kwa sababu umetoa jasho," Momanyi alisema, akimsogezea chai. "Riwaya hii imekufa. Nimesinzia nikiisoma mara tatu." Akafunua ukurasa uliokuwa umekunjwa pembeni. "Isipokuwa hapa."

Akaanza kusoma. Mke wa chifu anaamka na kukuta sakafu imeloa. Vyombo alivyoviacha vichafu vimeoshwa, na vikombe vimefunikwa juu ya sinia, kama mama yake alivyokuwa akivifunika kabla hajazama ziwani. Sauti ya Momanyi ilipungua, akaacha kusoma.

"Hii uliitoa wapi?"

"Iliingia yenyewe. Nilikuwa nimechoka, sikuweza kuizuia."

"Basi juu ya maiti nilikosea," Momanyi alisema polepole. "Juu ya kiwanda sikukosea. Ukurasa huu umeukimbia, Bwana Nyauke. Ungekaa nao."

Zadock hakuwa na nguvu za kufurahi wala kukasirika. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akamweleza Phelesia yote.

"Kwa hivyo sasa wataweka vitabu vyako maktaba?"

"Hapana."

"Sasa amekupa nini?"

"Kazi nyingine," Zadock alijibu, akajilaza.

Kitabu cha thelathini na tano kilikuwa na kurasa sitini, na kilimchukua miezi kumi na minane. Kilimhusu mama aliyezama, anayerudi kuwaoshea wanawe vyombo. Hakuna anayemwona, wanaona sakafu iliyoloa tu. Zadock alifuta mengi kuliko aliyoyaacha. Mchapaji alilalamika kwamba hakina damu. Kilipotoka, mwaka wa 1969, Hemed alisema kinauzwa kama vingine, si zaidi. Kamati ya maktaba ilikuwa imebadilika, na wajumbe wapya walitazama jalada wakakirudisha.

Wiki chache baadaye, Teresa, muuza samaki wa kisiwa cha Mfangano, alimfuata gatini, kitabu mkononi. Mume wake alikuwa amezama miaka minne nyuma, na mwili haukupatikana.

"Ndiwe Nyauke? Vile vingine nilisoma nikicheka na uoga wangu. Hiki kimenishinda. Nimefika pale mtoto anakataa kupanguza sakafu. Niambie mwisho."

"Zimebaki kurasa nne tu, mama."

"Najua. Sitaki kuzisoma peke yangu."

Zadock alitazama magunia yaliyomngoja. Akamgeuzia kreti tupu aketi, yeye akakaa juu ya gunia, akapokea kitabu na kuanza kusoma kwa sauti. Meli ilipiga honi. Hakuinua macho.