Siku Niliyomwozesha Mama Ornella

Jamani, aibu nyingine mtu unaificha hata kwa mama yako mzazi, lakini hii yangu haina pa kufichwa, maana mtaa mzima waliiona, wakiwa wamekaa kwenye viti, chini ya hema, kwa mpangilio, utadhani walialikwa kuja kunitazama mimi, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mwingine akaongeza chumvi (ingawa sijui hiyo chumvi ataiweka wapi, pamejaa).

Tulikuwa na miezi minne tangu tuhamie Bujumbura, mimi na mume wangu Salumu na watoto wetu wawili, tukitokea Morogoro. Salumu ni fundi wa magari, na binamu yake ana gereji Buyenzi, ndiye aliyemwita. Laiti tungepanga huko huko Buyenzi, kwenye misikiti na Kiswahili kila kona, leo nisingekuwa na cha kuwaambia, lakini nyumba tulizoonyeshwa zilikuwa finyu na mimi nilitaka uwanja wa kuanikia nguo, basi tukapata Musaga, uwanja nikaupata, watu wa kuongea nao nikawakosa. Si kwamba walikuwa wabaya. Walinisalimia kwa Kirundi, nami nikajibu kwa lile neno moja nililolijua, na mazungumzo yakawa yameishia hapo. Jumamosi asubuhi tulitoka wote na majembe na mafagio kwenye kazi za mtaa, wenzangu wanazibua mitaro huku wanapiga soga, mimi nafagia kimya mpaka saa nne na nusu, kisha narudi ndani. Watoto walizoea baada ya wiki tatu tu, Salumu ana mafundi wenzake, mimi nikabaki na dirisha.

Sasa lile dirisha la jikoni linatazama uwanja wa jirani, Mama Ornella, na mimi ni mdadisi wa kuzaliwa (marehemu bibi alikuwa akisema nikifa nitainua kichwa nione nani amekuja mazikoni). Nilimjua yule mama kwa nguo anazoanika, kwa saa anayowasha mkaa, kwa jinsi anavyomwita binti yake, ila neno hatukuwahi kubadilishana zaidi ya salamu. Upweke ukanikaba kweli. Siku moja nikamwambia Salumu waziwazi kwamba shule zikifungwa kama sijapata hata mtu mmoja wa kuja kukaa kwenye kiti changu, basi mimi na watoto tunarudi Morogoro, na yeye abaki na magiaboksi yake. Alimaliza chakula polepole akaenda kulala, nikajua nimemuumiza, lakini sikuwa natania.

Basi Jumatano moja nasikia hodi getini, nikafungua, Mama Ornella huyo, ameshika karti nzuri ya bahasha nyeupe. Akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Jumamosi, saa munane. Mukuje na bwana yako." Moyo ulinilipuka kwa furaha, nikaifungua pale pale. Ndani kulikuwa na picha ya mwanamume mzuri aliyevaa suti, anatabasamu, na chini yake maandishi, upande Kirundi, upande Kifaransa, na mimi Kifaransa changu kinaishia kwenye bonjour. Hapo ndipo penye kosa lenyewe. Ningesema tu, dada, sijui kusoma hii, nieleze. Lakini mtu umesubiri mgeni miezi minne, halafu neno la kwanza umwambie hujui kusoma? Nikaikodolea macho ile karti, nikatikisa kichwa, nikaigeuza nikasoma na upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, kisha nikamwambia, "Hongera sana." Akanitazama kidogo, akasema asante, akaondoka.

Salumu aliporudi akauliza ni shughuli gani. Nikamwambia harusi, Mama Ornella anaolewa. Akasema basi aipeleke kesho gereji, kuna mtu atamsomea, nikamnyang'anya, nikamwambia mimi nina macho na ninaye jirani yangu dirishani, sihitaji mafundi wanisomee.

Na ushahidi ulikuwepo, msinicheke. Wiki ile ukuta wao ulipakwa chokaa upya. Makreti ya bia na soda yakaingia, nikayahesabu mpaka nikapotea. Kulikuwa na mwanamume anakuja kila jioni kusimamia mambo, wanakaa yeye na Mama Ornella na karatasi mezani wanapanga, nikasema huyo ndiye bwana harusi (alikuwa mnene kuliko kwenye picha, lakini nani asiyejua picha zinavyodanganya). Alhamisi fundi cherehani akaleta nguo. Ijumaa likasimikwa hema. Jumamosi, kazi za mtaa zilipoisha, wakapanda magari kwenda kanisani, wakarudi kwa msafara. Sasa niambieni, mngeona nini kingine?

Nikajipamba. Nilivaa dera la njano lile la kitchen party ya mdogo wangu, nikajifukiza udi, nikapaka wanja, na zawadi nikaifunga kwa karatasi yenye mioyo myekundu, seti ya mashuka niliyokuja nayo kutoka nyumbani, yamedariziwa maua na maneno "Usingizi wa Wapendanao". Salumu alikuwa na gari la mteja la kumalizia, nikamwambia atanikuta huko huko, na aje kwa mbwembwe za harusi.

Nilipofika walinipokea kwa heshima, wakanikalisha mstari wa pili, mimi jirani wa ukutani. Wanawake wamependeza kwa ile mivutano yao, vazi la kitambaa chepesi linalofungwa begani, na Mama Ornella kakaa mbele karibu na yule mwanamume, na mezani kuna ile picha ya kwenye karti, kubwa, ina maua pembeni. Nikasema hawa wenzetu wameendelea, bwana harusi yupo na picha yake ipo. Niliona pia mambo ambayo hayakukaa sawa, nakiri. Hapakuwa na muziki wa kucheza, ila nilishaambiwa Warundi ni watu wa utulivu. Hotuba zilikuwa ndefu na watu wanasikiliza bila kukohoa, nikasema ni adabu. Bibi harusi hakutabasamu hata mara moja, na hilo ndilo lililonithibitishia kabisa, maana kwetu bibi harusi anayechekacheka anaonekana hana mafunzo.

Akasimama mzee wa familia, akaongea Kirundi kwa sauti ya taratibu, akamgeukia Mama Ornella na yule mwanamume, akamalizia kwa maneno fulani ya uzito, na watu wote wakapiga makofi. Nikajua ndoa imepita. Na hapa lazima mjue kwamba mimi Morogoro nilikuwa naalikwa kwenye harusi za watu nisiowafahamu kwa ajili ya kigelegele tu, nina pumzi ya kutosha, nikikiachia kinafika barabarani. Nikakiachia. Nikaona wenzangu hawaitikii, nikadhani wanaona haya, nikaongeza cha pili kuwafungulia njia, nikaweka kifurushi kichwani, nikainuka, nikaenda mbele nikicheza, mabega haya, kiuno hiki, hema zima kimya nasikia miguu yangu mwenyewe kwenye nyasi. Nikampa Mama Ornella zawadi. Kisha (naomba mnisikilize bila kunikatiza, maana hapa ndipo pagumu) nikachukua mkono wake, nikachukua na mkono wa yule mwanamume, nikaviunganisha viganja, nikasema kwa sauti, "Mungu awajalie mapacha."

Nyuma ya kiti cha yule mwanamume akasimama mama mmoja mwembamba. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Dada, huyu ni bwana yangu."

Nikamwangalia yeye, nikamwangalia mwanamume, ambaye mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu, nikamwangalia Mama Ornella. Akauchomoa wake polepole, akanionyesha ile picha ya mezani. "Bwana yangu ni ule," akasema. "Amekufa, sasa mwaka moja. Huyu ni mudogo wake. Leo tunamaliza kilio, ni kuganduka. Haukusoma ku karti?"

Ndugu zangu, kwetu msiba una arobaini yake, na hitima, na ubwabwa, unakaa mkekani na kanga kichwani na hakuna asiyejua kwamba huu ni msiba. Nani alinifundisha kwamba kuna watu wanaomaliza kilio chini ya hema, kwa karti na makreti na nguo mpya, ili waliofiwa waruhusiwe mbele ya watu wote kurudi kwenye maisha yao? Mama wa marehemu, bibi kizee aliyekaa pembeni, alijifunika uso kwa nguo yake na mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijathubutu kuuliza kama alikuwa analia au anacheka.

Wakati nimesimama pale natafuta pa kutokea, nikasikia honi. Si honi moja, honi za mfululizo, zile za msafara wa harusi, zinakaribia. Nilijua ni nani, na simu yangu ilikuwa nyumbani kwenye chaji. Salumu alisimamisha gari la mteja mbele ya hema, amelifunga utepe mwekundu kwenye vioo, akapiga honi ya mwisho ndefu, akashuka na kanzu yake, akaingia na tabasamu lake lote akiuliza bwana harusi yuko wapi ampe mkono. Akaniona mimi, akaiona picha, na tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Tulikalishwa viti viwili, tukapewa Fanta, tukazinywa mpaka mwisho kwa sababu kuziacha ingekuwa kosa la tatu.

Nyumbani hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Nilishusha begi kutoka juu ya kabati, nikaanza kukunja nguo za watoto, na Salumu akawa ananipa moja moja, maana sote wawili tulijua kwamba baada ya siku ile hakuna mtu wa Musaga atakayekuja kukaa kwenye kiti changu.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, hodi. Mama Ornella. Nikajua kaja kunirudishia aibu yangu mkononi, nikamfungulia huku nimeinamisha kichwa, nikaanza kuomba msamaha hata kabla hajavuka kizingiti. Akapita, akatazama begi lililo wazi sakafuni, akavuta kiti, akakaa.

"We ulifiwa na nani?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Nikamwambia sijafiwa.

"Apana," akasema. "Mi nakuona ku dirisha siku yote. Tangu mulifika, uso ni ya mutu wa kilio. Nikasema huyu naye amezika mutu, na hana mutu wa kukaa naye. Njo maana nilikuletea karti, uone venye kilio inaisha."

Jamani. Kumbe miezi yote hiyo nadhani namchungulia, naye ananichungulia mimi, na kila mmoja amemkosea mwenzake, mimi nimeona harusi kwenye kilio chake, yeye ameona kilio kwangu na hakuna kaburi. Nikataka kumwambia amekosea, sijazika mtu, nimehama tu, nimemwacha mama na dada zangu na mtaa niliozaliwa, lakini nilipofungua mdomo nikalia, tena kile kilio cha kamasi, mbele ya mjane niliyemwozesha jana kwa shemeji yake. Alinisubiri mpaka nikamaliza, akauliza nimekaa na kilio hicho muda gani. Nikamjibu miezi minne.

"Sisi tunafika mwaka," akasema. "Lakini we ni mugeni, tutakupunguzia. Tunamaliza leo. Uko na chai?"

Nilikuwa nayo. Akanywa vikombe viwili, akanifundisha jina la kila mtu aliyekuwa chini ya hema, pamoja na la yule mama mwembamba ambaye ilibidi niende kumwomba radhi nyumbani kwake Kanyosha (nilienda, akanipa maharage ya shambani kwake, akamwita mumewe aje kunisalimia, halafu akakaa katikati yetu). Begi lilirudi juu ya kabati jioni ile ile. Na nimeapa, tangu siku hiyo, mtu akinipa karti namuuliza hapo hapo getini, bila aibu, hii ni ya kucheka au ya kulia, na wale wa mtaani kwetu wamenizoea, hawasubiri niulize, wakiniona tu nimefungua geti wananiambia kwanza. Mwezi uliopita mmoja alinitajia mapema kabisa kwamba ni ubatizo, kisha akaniomba, kama sitojali, nije na ile pumzi yangu.