Chuo Kisichonirudisha Shume

Utomvu wa msonobari una harufu ambayo haiondoki nguoni hata ufue mara tatu. Kwetu Shume, mwezi wa saba, harufu hiyo huchanganyika na moshi wa kuni mbichi na baridi ya ukungu, baridi ile ya kumfanya mtu azungumze na mikono ikiwa kwapani. Nilikuwa na miaka kumi na minane na cheti cha kidato cha sita kilikuwa njiani, lakini nyumbani nilikuwa bado mtoto: natumwa maji, naambiwa nifunge kilemba vizuri, nakatazwa kujibizana na wakubwa. Hilo la mwisho lilimshinda mama. Nilikuwa mbishi, tena mbishi wa kupigiwa mfano. Mama akisema mvua itanyesha, mimi nasema haitanyesha, hata kama kichwa changu kimeshalowa. Ndiyo maana nauhesabu msimu ule kuwa wa mwisho wa utoto wangu, na nitaeleza ulivyoisha.

Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama alitulea mimi na ndugu zangu wawili kwa viazi, kabichi na karoti. Shamba lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa kipande ndani ya shamba la miti la serikali. Utaratibu wa huko ni huu: miti mikubwa ikishavunwa, eneo lile hugawiwa wakulima. Mnalima mazao yenu katikati ya miche mipya ya misonobari, na kwa malipo ya ardhi ile mnaipalilia miche na kuitunza. Inapofika mwaka wa tatu hivi, miti imeshafunga kivuli, viazi havitoki tena, nanyi mnaondoka. Ukibahatika unapewa kipande kingine. Usipobahatika, basi. Sasa ardhi ya msitu ni nyeusi, laini, ina rutuba ya ajabu. Nani anataka kuiacha? Kwa hiyo wapo waliojifunza kupalilia kwa namna yao. Jembe linapita karibu na mche, linazama kidogo chini, linakata mzizi, kisha udongo unarudishwa na kukanyagwa vizuri. Mche unabaki umesimama wima wiki mbili tatu, halafu unaanza kugeuka rangi. Msitu unachelewa, viazi vinaendelea. Mama alikuwa mmoja wao. Na mimi, nisijifanye malaika, nilifundishwa nikiwa darasa la tano, na mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake.

Unaweza kuniuliza mtu wa namna hiyo alipata wapi wazo la kusomea uhifadhi wa maliasili. Hata mimi nimejiuliza. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa naijua ile miti mmoja mmoja, kama mtu anavyowajua watu aliowakosea. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata daraja la pili katika kemia, biolojia na jiografia, na mwalimu wangu wa jiografia akanipa kurasa alizochapisha kutoka kwenye mwongozo wa udahili. Akaniambia nisiangalie uzuri wa majengo wala umaarufu wa mji. Niangalie mambo mawili: wanafunzi wanafanyia wapi mafunzo ya vitendo, na je, chuo kina msitu wake au kinaazima kwa wengine? Nikazisoma kurasa zile mpaka zikalegea. Vyuo viwili vilibaki. Cha kwanza kilikuwa na msitu wake wa mafunzo, walimu wa misitu ya milimani, na maandishi madogo chini yaliyosema kwamba wanafunzi wa mwaka wa pili hupelekwa kwenye mashamba ya miti ya serikali, likiwemo la kwetu. Cha pili kilikuwa mbali sana, upande wa ziwa. Shahada yake ilikuwa na jina lile lile la uhifadhi wa maliasili, ila vitendo vyote vilikuwa vya nyikani, kwenye nyasi na wanyama. Sikuwa na haja ya kufikiri. Nilikuwa nakitaka cha kwanza kiasi cha kuota nimevaa buti zao. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Mama nilipomwambia aliacha kumenya viazi. “Uhifadhi? Si ndio wale wanaonyang'anya watu kuni?” Nikamwambia si hao tu, kuna sayansi ndani yake. “Sayansi ya kukamata mama zao,” akasema, kisha akanisihi nichague ualimu kama watoto wa wenzake. Tukabishana siku mbili. Ndugu zangu wakawa wanakula kimya kimya na kuondoka upesi. Mimi nilijiona nina haki zote, maana nilikuwa na karatasi mkononi.

Kosa langu nililifanya sokoni, Jumanne. Nilikutana na bwana misitu, mzee mmoja mtaratibu, mrefu, ambaye ndiye aliyekuwa akikagua vipande vyetu. Badala ya kumwamkia na kupita, kiherehere kikanishika. Nikamwambia naomba chuo, nasomea mambo yake, nikamtajia mpaka jina la chuo. Alifurahi sana. Kumbe naye alisomea hapo hapo. Akasema, “Basi kesho nitakuja kwenu, nikuonyeshe ukaguzi unavyofanywa.” Ewe Mola! Nilirudi nyumbani mbio. Kipande chetu kilikuwa na mistari minne ambayo tulikuwa tumeipalilia kwa ile namna yetu wiki tatu nyuma.

Jumatano alifika asubuhi, ukungu haujapanda. Mama alisimama pembeni ya kabichi, kanga ameifunga kifuani, anaangalia chini. “Shikamoo bwana misitu,” nikasema, akaitikia marahaba kwa uchangamfu. Akaanza kutembea mstari kwa mstari, mimi nyuma yake, akinieleza nafasi ya mche na mche, namna ya kuangalia ncha, namna ya kutambua ugonjwa. Alieleza vizuri, na aibu yangu ni kwamba kuna dakika nilisahau hofu nikawa nasikiliza. Kisha tukafika kwenye ile mistari minne. Miche ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Akasimama. Hakumuuliza mama. Aliniuliza mimi.

“Haya, mwanachuo. Hii inakufa na nini?”

Nilimwangalia mama. Mama hakuinua uso. Nikasema, “Fuko, bwana misitu. Mwaka huu fuko ni wengi mno.” Na kweli fuko wapo Shume, hula viazi na mizizi, kila mtu anajua. Yeye akainama, akashika mche kwa vidole viwili, akauvuta. Ulitoka kirahisi, hauna kitu chini. Mzizi ulikuwa umekatwa sawasawa, mkato mmoja safi. Akanionyesha, akaugeuza upande huu na ule.

“Fuko wa kwenu anatembea na jembe?”

Nilitamani afoke, atukane, aandike kwenye daftari lake yaishe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema ataleta miche mingine tupande upya, na kwamba safari hii anasamehe kwa sababu ya mtoto anayekwenda shule. Halafu akanigeukia, na naamini alisema kwa nia njema: “Kasome. Mwaka wako wa pili watakuleta hapa hapa. Hiki kipande utanikagulia wewe.” Akaaga, akaenda zake. Mama alibaki pale pale. Uso wake ulikuwa umebadilika, na siku ile nilimwogopa mama yangu kwa mara ya kwanza, si kwa kuwa atanipiga, bali kwa kuwa alionekana mdogo.

Alasiri aliniita jikoni. Alizungumza Kishambaa kitupu, jambo ambalo alilifanya alipokuwa hana nguvu ya kutafuta maneno. Aliniambia hanikatazi tena kusoma uhifadhi. Ila nichague chuo kisichonirudisha huku. Hataki siku nije na buti zao, nisimame mbele yake, nimuulize kitu ambacho jibu lake ninalijua. “Mimi nitasema uongo,” alisema, “na wewe utakuwa unaniandika.” Nilikuwa na maneno kumi ya kumjibu. Nilikuwa nayo kinywani kabisa. Nikasema, “Sawa, mama.”

Ijumaa nilishuka Lushoto mjini kwenye duka la steshenari. Mtandao ulikuwa unasuasua, foleni imefika nje, kila mmoja na cheti chake kwenye bahasha. Zamu yangu ilipofika, dada wa kompyuta akajaza jina langu, namba ya mtihani, kisha akauliza chaguo la kwanza. Nikaanza kuzikunjua zile kurasa zangu. Akageuka akaniangalia, “Dada, wenzio wanasubiri.” Nikataja cha upande wa ziwa. Akauliza chaguo la pili. Nikasema hakuna, weka hicho hicho. Akasema mfumo haukubali, lazima kuwe na jingine, nami nikamwambia aweke ualimu. Akabonyeza kuthibitisha. Nilitoka pale nikalia nyuma ya ukuta wa stendi, nalia kwa hasira, nikijifanya napenga kamasi kwa sababu ya baridi.

Siku hizi binti wa kaka yangu anaomba chuo kwa simu akiwa amelala kitandani, anachagua na kubadilisha mara tatu kwa siku, wala hakuna anayeinua uso. Mimi nipo nyikani mwaka wa nane sasa. Naipenda kazi yangu, nisiseme uongo. Naweza kukuambia tembo amepita saa ngapi. Lakini msonobari siujui zaidi ya nilivyoujua nikiwa na jembe, na likizo zangu za Shume ni za siku tano, nne zikiwa za kusalimia watu. Mama amezeeka, ameacha kulima msituni. Mwezi uliopita alinipigia kunisimulia kwamba mtoto wa jirani ameajiriwa pale kwenye shamba la miti, kila jioni yuko kwao anakunywa chai na mama yake. Akauliza mbona mimi sijawahi kuomba kazi ya huko.

“Mama, si wewe uliyenikataza?”

Akasema, taratibu, “Nilikukataza, ndiyo. Lakini wewe tangu lini ulikuwa unanisikiliza?”