Mama Swichibodi Darasani

Mama Swichibodi alikuwa na miaka sitini na mitatu alipojiandikisha kwenye darasa la mitandao ya kompyuta. Jina hilo alilipata katika ofisi ya simu, alikounganisha watu kwa nyaya kwenye ubao wa swichibodi miaka ishirini, hadi mitambo mipya ya kompyuta ilipoletwa akaambiwa aende nyumbani.

Siku ya kwanza mwalimu, kijana mwenye miwani, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama. Darasa la kutuma picha kwa wajukuu ni chumba cha pili."

"Marahaba, mwanangu. Kutuma najua. Nataka kujua zinapitia wapi."

Akaingia, akaketi. Mwalimu, akidhani atamnasa, akamuuliza mbele ya wote intaneti inatofautianaje na simu za zamani.

Mama akasimama. "Sisi wa ofisi ya simu tuliwapa watu wawili njia moja mpaka wamalize kuongea. Waya ukikatika, mazungumzo yamekwisha. Intaneti hukata ujumbe vipande vipande, kila kipande kina namba yake na anwani ya kinakokwenda. Njia moja ikifa, ruta, kile kifaa cha kuelekeza njia, hupitisha vipande kwingine, na kompyuta ya upande wa pili huvipanga upya."

Mwalimu akamsogelea.

"Umejifunzia wapi, mama?"

"Nyumbani, peke yangu. Nilitaka kukijua kilichonitoa kazini."

Mwalimu akampa kalamu ya ubao. Mama akachora ruta nne na njia zake, akafuta njia moja kwa kiganja, akawageukia wanafunzi.

"Haya, kipande hiki sasa kipite wapi?"