Siku Bibi Alipotoa Kisu cha Babu

Wadogo zangu, kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na mbele ya watu sauti yangu haitoki. Naandika polepole, jioni, nikishafunika cherehani yangu hapa Majengo, mjini. Aliyestahili kuwaambia haya ni Bibi yangu wa Machame, lakini macho yake hayaoni tena mstari. Akaniambia, "Wewe ulikuwepo. Waandikie."

Basi, ninayoikumbuka ni siku moja ya Krismasi, ukoo wote umepanda nyumbani kama kawaida yetu.

Baba mdogo Ndekirwa, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuwa ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili miezi michache nyuma. Kabla ya kuugua, yeye ndiye aliyechinja na kugawa nyama ya ukoo tangu Babu alipofariki. Kwetu kugawa nyama si habari ya tumbo. Kila mtu ana kipande chake: kidari cha wazee, mgongo wa Bibi, wakwe wana chao, hata watoto. Ukipewa kipande chako umeambiwa kwamba upo, na mahali pako panajulikana.

Kisha sauti zikaanza kumsemesha. Akawa anatembea peku mpaka Shirimatunda, kule chini karibu na mjini, akibishana na watu tusiowaona. Wengine walisema ni laana, wengine wakasema amerogwa kwa ajili ya kihamba, maana shamba hilo la ukoo, la migomba na kahawa, huleta maneno. Akapelekwa kwa mganga, akaombewa, na hospitali ikaja mwisho kabisa.

Alirudi ametulia, amenenepa kidogo, mikono inatetemeka kwa sababu ya dawa. Nesi alimwambia Bibi, na mimi nikiwepo, kwamba anaendelea vizuri, asikose sindano yake ya kila mwezi, asinywe pombe, na arudishiwe kazi zake. La sindano tulilishika. La kazi hatukulisikia. Visu vyote vya nyumbani vilipandishwa darini. Chai alinywea kikombe chake peke yake. Hata ndizi za mtori alimenyewa na watoto. Naye hakuuliza hata mara moja visu viko wapi.

Siku hiyo kulikuwa na wageni, wazazi wa kijana aliyemchumbia binti wa Shangazi. Shangazi alimtuma Baba mdogo kwenye banda la ng'ombe, eti akaangalie majani, ili wakwe wasimwone. Mbuzi alikuwa ameshafungwa. Binamu yetu wa Dar akakunja mikono ya shati.

"Hii kazi naimaliza chapu," alisema.

"Wewe? Juzi si ulikimbizwa na jogoo!" mtu akamjibu, na uwanja mzima ukacheka.

Hapo Bibi akatoka ndani. Mkono mmoja ameshika kisu cha Babu, mwingine jani la isale. Kwetu mtu akikujia na jani hilo anakuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Akapita katikati ya wageni mpaka bandani.

"Ndekirwa, tumekuficha kama kitu cha wizi," alisema. "Tusamehe. Sasa njoo, watu wana njaa."

Shangazi akamkimbilia. "Mama, wakwe wapo! Watasema ukoo wetu una wazimu!"

"Si wamekuja kuuona ukoo? Nawaonyesha wote."

Akampa isale, kisha kisu, mpini mbele.

Wadogo zangu, uwanja mzima uligeukia bandani. Nilisikia maji ya mfereji yakipita migombani. Mlima nao ulikuwa umejifunua mpaka kileleni, mweupe, kana kwamba nao umekuja kutazama. Baba mdogo alichomeka isale kwenye mfuko wa shati, akashika kisu, na mkono ukatetemeka. Bibi akapiga magoti, akaishika miguu ya mbuzi yeye mwenyewe. Kisu kilikuwa karibu na uso wake. Hakukiangalia kabisa. Alimtazama mwanawe tu.

Alichinja salama. Kugawa kulichukua muda mrefu, vipande vingine vikatoka vimechanika, lakini hakuna aliyemharakisha. Yule wa Dar alimshikia beseni. Kidari kikaenda kwa wazee, mgongo kwa Bibi. Ikafika zamu ya wakwe, na baba wa yule kijana mchumba hakunyoosha mkono. Shangazi akajifunika uso kwa kanga.

Mzee yule akasema taratibu, "Mwanangu, hata sisi tunaye. Dada wa kijana wetu. Tumemfungia ndani ndipo tukaja."

Baba mdogo akamtazama. "Amekula?"

"Tumemwachia uji."

Akarudi kwenye majani ya mgomba yaliyotandikwa, akakata kipande kizuri, akakiweka pembeni. "Hiki chake. Lakini hakibebwi. Aje akile hapa."

Wakaenda kumchukua. Jua lilipoanza kushuka, dada yule alikuwa ameketi kati ya Bibi na Shangazi, anakula. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemmiminia chai, kwenye vikombe vya wageni.

Sitawadanganya kwamba iliishia hapo. Baba mdogo aliugua tena, akarudi hospitali, akapata nafuu. Kisu kilimsubiri.

Bibi anasema hivi: Wanangu, akili huugua kama kifua kinavyougua. Msipoteze miezi mkimtafuta mchawi, mpelekeni mtu hospitali mapema, na ombeni huku anatibiwa. Dawa zake zishikeni. Akipata nafuu, waulizeni wanaomtibu, kisha mrudishieni kazi yake, hata kama mkono unatetemeka, nanyi mkae karibu naye. Kama mlimficha, chumeni isale mumwendee. Msingoje aombe yeye.

Na anawabariki: Mungu awape nyumba zisizo na mtu wa kufichwa bandani, na siku mikono yenu itakapotetemeka, apatikane wa kupiga magoti karibu nanyi.

Kama kwenu yupo mmoja, niandikieni, hata mistari miwili, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitapanda Machame nimsomee Bibi. Huwa ananiuliza, "Wamejibu?"