Masikio ya Mbwa na Kanzu ya Harusi

Jamani, mimi nimeshaaibika mara nyingi, lakini aibu niliyoipata siku ya ndoa yangu hapa Bagamoyo ni ya peke yake, maana mpaka leo nikipita sokoni lazima kuna mtu ataniita Bwana Boga, nami naitika tu, nifanyeje.

Chanzo ni mbwa wangu, Bosi. Nafuga kuku wa mayai, na bila Bosi vicheche wangenimalizia banda zima (mtaniuliza Mwislamu na mbwa wapi na wapi, wa ulinzi ruhusa, msinianze). Tabu yake masikio. Ni marefu, yamelala, bahari anaipenda kuliko mimi, na mimi kwa mapenzi ya kijinga nilikuwa namlisha mandazi yaliyolala. Masikio yakaanza kunuka, akawa anajikuna mpaka analia. Daktari wa mifugo alimtibu, kisha akanipa somo: mandazi basi, kuna mbwa ngano haiwapendi, apate samaki wa kuchemsha aliyetolewa miba, na boga, bila chumvi, akitoka majini nimkaushe, na kama sikio halina kidonda, nilipanguse kwa pamba yenye siki iliyozimuliwa kwa maji. Nikafuata, na Bosi akatulia, masikio safi, hata harufu hakuna.

Sasa, Mzee Nassor, baba wa mchumba wangu Rahma, alishamwambia ami yangu Saidi siku ya posa, "Kijana simkatai. Ila siku mbwa wake akiingia kwenye mambo yangu, sina binti wa kuoza." Na Rahma nilikuwa nampenda, tena sana, sioni haya kusema.

Siku ya ndoa tuko barazani kwangu, mimi, Ami Saidi na wenzetu, kanzu nyeupe, tumejipanga tupigwe picha kabla ya kwenda msikitini, mara Bosi huyo, katoka baharini amelowa chapachapa. Nikawaza, nakwenda fungate, nikimwacha na maji masikioni nitarudi nikute yale yale, ngoja nimsafishe, dakika moja tu. Nikashuka na chupa ya siki, na kwa ile haraka pamba sikuitafuta, nikammiminia siki sikioni moja kwa moja.

Bosi akaniponyoka, akapanda barazani, akasimama mbele ya mstari wa kanzu, akatikisa kichwa. Mliowahi kufuga mbwa mnakijua kile kichwa. Siki, maji ya bahari na uchafu wa sikio vikamfikia kila mtu, Ami Saidi mpaka kwenye ndevu.

"Astaghfirullah!" akapiga kelele. "Umetutia najisi watu wazima wote, na Alasiri hiyo inakuja!"

Basi kanzu zikavuliwa, wazee wa watu wamebaki na vikoi uani kwangu, foleni bombani, kila kanzu inapita maji mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama inavyotakiwa, na udongo wa kwetu ukishika nguo nyeupe umeshika. Tulifika msikitini tunatiririka, tuna mabaka, tunanuka achari.

Mzee Nassor alikuwa mlangoni. "Saidi, kulikoni?"

"Tumekutana na mvua njiani," akasema ami yangu, na jua linawaka vile.

Mzee akatazama juu, akanitazama mimi. Nikaona bora nife mara moja. "Ni mbwa, mzee. Nilikuwa namsafisha masikio."

Akaikagua kanzu yangu toka juu mpaka chini. Nikajua Rahma ndiyo basi tena.

"Nguo mmezitwaharisha?"

"Ndiyo, mzee, na udongo."

"Udongo nauona," akasema, akaingia ndani kuswali.

Baada ya swala tukakaa kwa ajili ya ndoa, mzee kanishika mkono, sheikh kaweka kipaza sauti katikati yetu, mimi nangoja kukataliwa hadharani. Mzee akaniinamia, akanong'ona, "Nina mbwa shambani Kaole, wa kufukuza ngedere. Naye anatikisa kichwa usiku kucha. Wako unamlisha nini?"

Jamani, nafuu iliyonishukia! Nikasahau nilipo, nikajibu kwa sauti yangu yote, "Aache mandazi, mzee! Mpe boga! Boga na samaki, usitie chumvi!"

Kipaza sauti kikalipeleka mtaa mzima. Msikiti ukaangua kicheko, Ami Saidi akajifunika uso kwa kilemba.

"Bwana harusi," akasema sheikh, "utusemee kwanza nimekubali, boga litafuata."

Nikakubali haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Rahma alikuwa nyumba ya pili na wanawake wenzake, masikio yote kwenye spika. Ananisimanga hadi leo: "Nilikaa nasubiri nisikie umenikubali, nikasikia boga." Mzee wake siku hizi anakuja kwetu kila Ijumaa kunieleza habari za masikio ya mbwa wake, na Bosi bado anaogelea, nami bado namkausha. Ila nikiwa nimevaa kanzu nyeupe, wallahi, hata mbwa akinijia na bahari nzima sikioni, simgusi.