Chuo Nilichokisifu Siku ya Posa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, Kagarama, pembeni mwa Kigali, na nikiishiwa nyuzi nikalazimika kushuka Muhima, katikati ya mji, narudi nimechoka kama mtu aliyevuka mpaka wa nchi. Shule niliishia sekondari, na hata hiyo sekondari tuliachana bila kuagana vizuri. Lakini katika ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu wa vyuo vikuu. Cheo hicho nilikipata kwenye simu. Cherehani ikipumzika, natazama video za vijana wanaovipanga vyuo vya dunia: kipi cha kwanza, kipi kimeshuka, anayetoka wapi anaajiriwa wapi. Unaweza kuniamsha usingizini nikakutajia vyuo bora vya Uingereza bila kukwama. Ukiniuliza viko miji gani, hapo ndipo tutasumbuana.

Kwa hiyo binti wa kaka yangu alipomaliza sekondari akapata nafasi mbili, kesi ililetwa kwangu. Moja ilikuwa ya chuo cha ufundi, akasomee maji: mabomba, pampu, matangi. Nyingine ilikuwa ya chuo chenye jina la Kizungu na majengo ya vioo, akasomee uongozi wa biashara. Yeye alitaka maji. Nikamwambia, "Mwanangu, maji yapo tu. Jina ndilo adimu." Nilisema hivyo nimeinua simu, kama daktari aliyeinua picha ya mapafu. Akaenda kwenye vioo.

Alihitimu, tukampiga picha na joho lake. Kisha akaanza kutafuta kazi, akatafuta, na siku aliyokuja kuposwa alikuwa bado anatafuta. Aliyemposa, kwa bahati ambayo sijui niiite nzuri au mbaya, alikuwa amesoma kwenye kile chuo cha ufundi, hayo hayo maji, na kazi aliipata kabla hata hajamaliza.

Asiyewahi kukaa kwenye posa ya kwetu Rwanda ajue hivi. Familia mbili zinakaa zikitazamana chini ya mahema, kila upande na msemaji wake, na kabla ya ng'ombe wa mahari kutajwa wasemaji wanapigana kwa maneno. Msemaji wa upande wa binti kazi yake ni kukataa. Atafute kasoro, atanie, ajifanye binti hayupo, mpaka wageni wambembeleze. Mwisho kila mtu anaujua. Watu wanakuja kusikiliza ndimi. Kaka yangu alinichagua mimi. "Wewe kukaa ndani kumekunoa ulimi," alisema.

Asubuhi ile, nyumbani kwa kaka, Kabuga, binti aliniita nyuma ya jiko. Nywele zilikuwa zimesukwa nusu.

"Baba mdogo, nakuomba kitu kimoja. Leo sema lolote. Sema mimi mvivu, sema sijui kupika. Chuo usikitaje."

"Kwa nini?"

"Ukikitaja wataniuliza nafanya kazi wapi. Mchumba wangu anajua, watu wake hawajui. Nataka niwaambie mwenyewe, nikishawazoea."

"Kwani mimi mropokaji?"

Akarudi ndani kumalizia kusukwa. Nikaichukua hiyo kama dalili ya imani.

Msemaji wa wageni alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini. Nilianza vizuri. Nikamuuliza kama wamepotea njia, kama hii si arusi ya jirani waliyokuwa wanaitafuta. Watu wakacheka. Sasa, kicheko ni kitu kibaya kwa mtu anayeshinda na mapazia. Pazia halicheki. Nilipokionja nikataka kingine, na kingine, na utani ulipoanza kunipungukia nikashika kilichokuwa karibu.

"Wageni wetu," nikasema, "mmekuja kuomba binti aliyesoma chuo ambacho hata mlinzi wa getini anaongea Kiingereza cha puani. Kijana wenu, tunasikia, amesomea kufunga mabomba. Sasa jioni wakikaa wawili, wataongea nini? Huyu aseme masoko ya dunia, yule aseme koki inavuja?"

Hema zima likalipuka. Kaka yangu alicheka mpaka akafuta macho. Mimi tayari nilikuwa nimekumbuka ombi la binti, lakini maneno yalikuwa yameshafika upande wa pili.

Mzee akasimama taratibu.

"Mwenyeji wetu, umesema kweli. Kijana wetu anafunga mabomba. Mimi ni mzee, napenda kujifunza. Hebu nieleze: binti yetu alipotoka kwenye geti hilo la Kiingereza, aliingia geti gani?"

Ulikuwa utani tu, tena mzuri. Mtu mwenye akili angejibu, "Aliingia geti la baba yake akawasubiri, ninyi mmechelewa wapi?" na mambo yangeisha kwa makofi. Jibu hilo lilinijia baadaye sana, nikiwa nakunja pindo la pazia la mtu. Pale hemani nilisema:

"Yuko kampuni kubwa. Kubwa kiasi kwamba jina lake siruhusiwi kulitaja."

Makofi. Bwana harusi mtarajiwa aliinama akaanza kuchunguza viatu vyake.

Basi, ng'ombe wakaahidiwa, binti akatolewa ndani na wenzake, amevaa mushanana, vazi letu la sherehe linalofungwa begani, la rangi ya dhahabu, akasalimia, akagawa zawadi. Alipofika kwangu alinipa mkono huku anatazama sikio langu. Baadaye chakula kikaja, na mama mkwe wake akavuka kuja upande wetu, akamwita akae karibu naye. Mimi nilikuwa kiti cha pili na sahani yangu ya viazi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mwanangu, wewe Mungu amekuleta," mama alisema akimvuta msichana aliyekaa pembeni yake. "Huyu wa mwisho wetu anamaliza sekondari. Anakitaka hicho chuo chako cha vioo, na sisi ada ilikuwa inatutisha. Lakini kama kinatoa kazi namna hiyo, tutauza lile shamba. Wewe utamshika mkono kwenye kampuni yenu, si ndiyo?"

Nilirudisha kiazi kwenye sahani. Nilimwona binti yetu akivuta pumzi.

"Mama, msiuze shamba. Mimi sina kazi. Natafuta tangu nimalize."

Mama akageuka kunitazama.

"Baba mdogo alikuwa anatania," binti akasema. "Kwenye posa watu wanasema tu."

"Sawa," mama alisema. "Lakini mimi shamba nilikuwa naliuza kweli."

Kama ardhi ya Kabuga ingekuwa na huruma, ingefunguka pale. Yule msichana akamgeukia binti yetu. "Sasa dada, kipi kizuri? Chako au cha kaka?"

Nilitegemea akiponde chake. Ningestahili. Hakufanya hivyo.

"Changu kizuri. Kimenifundisha kusimama mbele ya watu na kusema. Ukitaka kwenda kusoma zaidi nje, jina lake linajulikana. La chuo cha kaka yako hawalijui. Na wenzangu wengi wana kazi. Ila ukiwaangalia, kazi ilikuwa inawasubiri nyumbani kwao kabla hata ya chuo. Baba ana kampuni, shangazi ana ofisi. Mimi nyumbani kulikuwa na…" Akasita, akanionea huruma. "Kulikuwa na sisi. Kwa kaka yako wanawapeleka kwenye mabomba mapema, mwenye kazi anakuona ukifanya kazi, anakushika. Sasa wewe unataka kusoma nini?"

Msichana akainua mabega. "Sijaulizwa."

Mimi kwa binti yetu hata kuuliza sikuhitaji. Aliniambia mwenyewe anataka maji. Nami nikaangalia simu.

"Na wewe baba mdogo," msichana akanigeukia kwa adabu zote, "ulisoma chuo gani?"

"Sekondari."

"Halafu?"

"Halafu mapazia."

Alijiziba mdomo kwa kiganja. Mama yake hakucheka.

Binti yetu aliniinamia, akasema polepole, "Baba mdogo, wageni bado hawajaondoka. Nenda uiondoe hiyo kampuni. Sitaki niingie kwao nayo, kila mtu aniletee mtoto wake nimtafutie kazi."

"Niseme huna kazi? Mbele yao wote?"

"Mbele yao wote ndipo ulipoiweka."

Kutoka upande wetu mpaka upande wa wageni ni hatua chache za majani, lakini kwangu ilikuwa safari ya kupita Muhima mara kumi. Nilimkuta mzee akinywa soda. Nikachuchumaa karibu na kiti chake, nikamweleza kwa sauti ya chini, nikitumaini atasema yameisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilishtuka nilipoona kijana wetu ameinama," alisema. "Nikajua nimeuliza vibaya. Nisamehe na mimi."

Hilo ndilo lililonimaliza, kuombwa msamaha. Kisha akanyoosha mkono chini ya kiti chake, akanipa kipaza sauti.

Nilisimama. Nilitafuta utani wa kuanzia, sikuupata. Nikasema hivyo hivyo: binti yetu hana kazi, ile kampuni niliitunga mimi.